Baada ya sindano: tathmini ya tuina, vikombe, moksa na mazoezi ya asubuhi mjini Guangzhou

Mgonjwa anayekwenda kuchomwa sindano za akupancha mjini Guangzhou ni nadra kuuziwa sindano peke yake. Daktari akishampima mapigo ya mkono na kumtazama ulimi, humwandikia vilevile ukandaji uitwao tuina, vikombe vya kuumikia, kijiti cha moksa cha kufukizia, yaani majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, pengine na kukwanguliwa mgongo kwa kibao cha pembe, kisha humshauri aende bustanini alfajiri akajifunze baduanjin au tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole. Huduma hizi hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba zina uzito sawa, ilhali zinatofautiana sana kwa bei, kwa hatari na kwa ushahidi unaoziunga mkono. Tathmini hii inahusu kliniki moja ya tiba za jadi iliyoko wilaya ya Yuexiu, si mbali na Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wetu wa Afrika Mashariki wanaujua kwa maduka ya jumla na ofisi za kusafirisha mizigo. Nilikwenda hapo kwa ajili ya bega lililokaza na maumivu ya kiuno, na jina la kliniki nalihifadhi kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza si ya kuisifu.

Msimamo wangu nautanguliza: katika orodha yote ya kliniki ile, kilichokuwa ghali kuliko vyote ndicho kilichonisaidia kidogo kuliko vyote, na kile ambacho hakiuzwi kabisa, yaani mazoezi ya bustanini, ndicho ningemshauri msomaji akipe muda wake mwingi.

Mantiki ya wahudumu ni kwamba mwilini mna vijia ambamo nguvu ya uhai iitwayo chi hupita, na kwamba maumivu ni dalili ya nguvu hiyo kukwama. Sindano, kwa maelezo yao, hugusa nukta chache, na tiba nyingine hulegeza eneo zima linalozizunguka nukta hizo. Watu wa Guangzhou wanaongeza jambo la kwao, nalo ni unyevu. Kati ya mwezi wa pili na wa nne huja siku ambazo upepo wa kusini huleta hewa nzito, kuta na sakafu zikatoa jasho, nguo zisikauke, na kila anayelalamika kwamba viungo vyake ni vizito huambiwa kwamba unyevu umemwingia. Si lazima mtu ayakubali maelezo hayo ndipo anufaike na mkono wa mkandaji. Vijia hivyo havijaonekana katika mwili uliopasuliwa wala katika picha za hospitali, lakini msuli uliokaza hulegea ukikandwa vizuri, mtu aufafanue apendavyo.

Naanza na tuina kwa sababu ndiyo iliyonipa nafuu ya haraka. Anayetarajia ukandaji wa hotelini, wenye mafuta ya manukato na muziki wa kubembeleza, atashangaa. Mgonjwa hubaki na nguo zake, hutandikiwa shuka jembamba juu ya mgongo, na mkandaji hufanya kazi juu ya shuka hilo. Aliyenihudumia mimi alianza kwa kuuviringisha mgongo wa kiganja chake juu ya bega langu, mbele na nyuma, kifundo cha mkono kikiwa kimelegea kabisa, kwa mwendo usiobadilika wa mara 120 hivi kwa dakika. Ukiutazama mkono ule unadhani ni kazi nyepesi, lakini uzito wake unaingia hadi mfupani. Wanafunzi wa tuina hujizoeza mwendo huo juu ya mfuko uliojazwa mchanga au mchele, muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtu, na tofauti kati ya aliyeupitia mfuko huo na asiyeupitia hujulikana katika dakika ya kwanza.

Baada ya kuviringisha alitumia kidole gumba kutafuta mahali palipouma, akapakandamiza bila papara, akisubiri nipumue ndipo aongeze nguvu. Mwisho aliushika mkono wangu kwenye kiwiko na kuuzungusha polepole, duara likianza dogo na kupanuka kidogo kidogo, mpaka nikaweza kuunyanyua juu ya kichwa kwa namna ambayo nilipoingia sikuweza. Nafuu hiyo ilidumu siku chache kisha bega likaanza kurudi lilikokuwa, na hilo si ajabu, kwa sababu ukandaji hauondoi kilicholikaza bega, iwe ni kukaa mbele ya kompyuta au kubeba mizigo. Jambo moja nilimkataza, nalo ni kuivunja shingo, yaani ule msokoto wa ghafla unaotoa mlio. Mshipa wa damu unaopanda shingoni kuelekea ubongoni unaweza kuchanika kwa msokoto wa namna hiyo. Ni tukio la nadra, lakini madhara yake hayalingani na raha ya mlio. Aliposikia katazo langu aliinamisha kichwa na kuendelea na bega, bila ubishi, nami namhesabia hilo kuwa sifa.

Tuina ni fani yenye mafunzo rasmi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2010 vigezo vya kuwafunza watoa huduma wake, na katika hospitali za China hutolewa na matabibu waliosomea vyuoni. Wapo pia wakandaji vipofu, kwa kuwa China imewafundisha watu wasioona kazi hii kwa miongo mingi na kuna mtihani wa leseni uliowekwa kwa ajili yao. Mmoja wao alikuwa akifanya kazi chumba cha pili katika kliniki hiyo, na wenyeji wa mtaa walikuwa wakipanga foleni kwake huku mlango wa mkandaji mwenye macho ukiwa wazi. Msomaji atakayefika huko na aifuate foleni hiyo.

Vikombe sivyo vigeni kwetu. Kuumika ni tiba ya wazee wetu, na watu wa Lamu, Unguja na Muscat wanaijua hijama, ambayo huchanja ngozi ili damu itoke. Katika kliniki hii kinachofanywa zaidi ni kuumika bila kuchanja. Mhudumu hubana pamba iliyolowekwa spiriti kwa koleo refu, huiwasha, huupitisha mwali ndani ya kikombe cha kioo kwa muda usiozidi kufumba na kufumbua, kisha hukiweka kikombe mgongoni kabla hewa ya ndani haijapoa. Ngozi huvutwa juu, ikatuna na kubadilika rangi, na baada ya dakika kama 10 kikombe hutolewa kwa kubonyeza ngozi pembeni hadi hewa iingie kwa mlio mdogo. Hakuna maumivu ya kutisha, ila hisia ya kuvutwa kwa nguvu, na mgongo hubaki mwepesi kwa siku moja au mbili. Madoa ya mviringo, yale ambayo dunia iliyaona mabegani mwa mwogeleaji Michael Phelps katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, hukaa juma moja au zaidi kabla ya kufifia.

Lawama yangu juu ya vikombe ni mbili. Ya kwanza ni maneno. Mhudumu aliyasoma madoa yangu kama anayesoma majibu ya maabara: hili jeusi ni unyevu, hili la zambarau ni baridi, na yote kwa jumla ni sumu inayotoka. Ukweli ni kwamba mvuto wa kikombe hupasua mishipa midogo kabisa ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ikavuja hapo na kuacha doa. Ini na figo ndizo zinazosafisha mwili, na hazihitaji kikombe. Utafiti uliopo unaonyesha kwamba vikombe huweza kupunguza maumivu ya shingo na ya mgongo kwa muda mfupi, lakini majaribio mengi ni madogo, tena ni vigumu kumpa mgonjwa kikombe cha bandia bila yeye kujua. Lawama ya pili ni usafi. Vikombe vilivyotoka mgongoni mwa mteja aliyenitangulia vilipanguswa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye sinia. Niliomba vingine vilivyochemshwa, navyo vilikuwepo kabatini, jambo lililonifanya nijiulize kwa nini havitolewi mpaka viombwe. Kwa hijama au tiba yoyote inayotoa damu, uzembe wa aina hiyo ungetosha kumfanya mtu avae viatu vyake na kuondoka.

Juu ya gwasha, yaani kukwanguliwa, sina mengi. Hupakwa mafuta, kisha kibao laini cha pembe ya nyati huburutwa toka shingoni kuja mabegani hadi ngozi iote wekundu wenye vitone. Wahamiaji wa Asia ya Kusini-Mashariki waliofika Marekani baada ya vita vya Vietnam waliwahi kushukiwa kuwapiga watoto wao, kumbe michirizi ile ilitokana na desturi inayofanana na hii, ya kumkwangua mwenye homa kwa sarafu. Mimi niliona ni vikombe kwa njia nyingine, yenye maumivu zaidi na nafuu ileile. Sitairudia.

Moksa ndiyo yenye historia tamu kuliko zote, hasa kwa anayeichomea Guangzhou. Chini ya kilima cha Yuexiu lipo hekalu la Sanyuan, la Watao, yaani wafuasi wa dini ya jadi ya China iitwayo Tao, ambalo asili yake hurudishwa karne ya 4. Humo huenziwa Bao Gu, mwanamke ambaye mapokeo ya mji yanamtaja kuwa tabibu wa moksa aliyekuwa akichuma majani yake kwenye kilima hichohicho. Mumewe alikuwa Ge Hong, aliyeandika katika kitabu chake cha tiba za dharura namna ya kuuloweka mmea wa qinghao, kuukamua na kunywa maji yake kwa ajili ya homa za vipindi. Maelekezo hayo mafupi ndiyo yaliyompa mtafiti wa Kichina Tu Youyou mwanga alipokuwa akisaka dawa ya malaria mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kutoka kwenye mmea huo ikapatikana artemisini, ambayo imo ndani ya dawa mseto tunazomeza Afrika Mashariki, na mwaka 2015 Tu alitunukiwa Nobel. Mmea wa moksa na ule wa artemisini ni ndugu katika jamii ya pakanga, lakini si mmea mmoja, na moshi wa moksa hautibu malaria. Nalitaja hilo kwa kuwa muuzaji mmoja dirishani hakuona shida kuzichanganya habari hizo mbili.

Tiba yenyewe ni rahisi. Majani hukaushwa na kutwangwa hadi yawe kama sufi, hufungwa kwa karatasi mfano wa sigara nene, na ncha yake ikiwashwa hushikiliwa sentimita 2 au 3 juu ya ngozi. Sufi iliyokaa miaka 3 ndiyo inayopendwa, kwa kuwa huungua polepole na joto lake si kali. Mahali panapofukizwa mara nyingi ni chini ya goti, upana wa vidole vinne kutoka kwenye kilegesambwa na kidole kimoja nje ya muundi. Joto lake ni zuri kwa kweli, linaingia taratibu na kutulia, na kwa kiuno changu lilifaa jioni za baridi kama ambavyo chupa ya maji ya moto ingefaa. Tatizo ni moshi. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka Mombasa, niliyefuatana naye siku hiyo, alisimama mlangoni akajifunika pua kwa ncha ya mtandio na kuniambia, “Mwanangu, mimi nina pumu, humo siingii.” Nikamwitikia, “Ndiyo, mama, tukae nje basi,” tukahamia barazani. Chumba kile hakikuwa na feni ya kutoa moshi, na nguo zangu zilinuka hadi kesho yake. Wenye kisukari wajihadhari zaidi ya wote, kwa sababu mguu uliopoteza hisia huungua bila mwenyewe kujua.

Kuna tumizi moja la moksa ambalo limechunguzwa kwa makini, nalo ni kumgeuza mtoto aliyetanguliza makalio tumboni. Moksa hufukizwa pembeni mwa ukucha wa kidole kidogo cha mguu. Katika jaribio lililofanywa jimbo la Jiangxi na kuchapishwa mwaka 1998, likiwa na wajawazito 260, watoto 98 kati ya 130 wa kundi la moksa walikuwa wametanguliza kichwa katika wiki ya 35, dhidi ya 62 kati ya 130 wa kundi jingine. Majaribio yaliyofuata hayakuwa na sauti moja, kwa hiyo mjamzito asijaribu jambo hili pasipo mkunga au daktari wake kujua.

Sasa nije kwenye yale yasiyouzwa. Bustani ya Yuexiu haina kiingilio, na saa kumi na mbili unusu asubuhi, chini ya miti mikubwa iliyo njiani kuelekea sanamu ya Mbuzi Watano, utawakuta wazee wamejipanga kwa safu, kipaza sauti kidogo kimetundikwa tawini, sauti ya mwanamke ikihesabu. Baduanjin ina miondoko 8 na humalizika kwa dakika 12 hivi. Wa kwanza ni kuinua viganja vilivyofumbatana kana kwamba unaitegemeza mbingu. Wa pili ni kuvuta upinde kushoto na kulia, magoti yamekunjwa kama ya mpanda farasi. Wa mwisho ni kunyanyuka juu ya vidole vya miguu na kuviangusha visigino chini mara 7. Mwalimu wa kundi nililojiunga nalo, mzee mstaafu mwenye soksi nyeupe zilizovutwa hadi katikati ya muundi, hakusema mengi. Alipita kati yetu, akifika kwangu alilishusha bega langu kwa vidole viwili, maana nilikuwa nikilipandisha kila niliponyanyua mikono. Kosa hilohilo ndilo lililokuwa likilikaza bega kutwa nzima mezani, na hakuna mkandaji aliyewahi kunionyesha.

Mazoezi haya si mapya. Katika makaburi ya Mawangdui, karibu na Changsha, ndani ya kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, ilipatikana hariri yenye michoro 44 ya watu wakijinyoosha na kupumua. Mwaka 2003 mamlaka ya michezo ya China iliweka namna moja rasmi ya kufanya baduanjin pamoja na aina nyingine tatu za chigong, yaani mazoezi ya miondoko na pumzi, ndiyo maana ukijifunza baduanjin Guangzhou utaweza kuingia kwenye safu ya Beijing bila kupotea. Tai chi ni ndefu na ngumu zaidi. Ile ya miondoko 24, ambayo wengi huanza nayo, ilitungwa mwaka 1956 ili wananchi wa kawaida waimudu, na bado huchukua miezi kabla miguu na mikono haijaacha kugombana. Anayeanza akiwa na magoti mabovu asichuchumae sana. Asimame wima kidogo, na aangalie goti lisipite mbele ya vidole vya mguu.

Kwa upande wa ushahidi, hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka na kukakamaa mwili, nchini Marekani, na waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa miezi 6 waliimudu mizani ya mwili kuliko waliofanya mazoezi ya nguvu au ya kujinyoosha, na walianguka mara chache kuliko hao waliojinyoosha. Mwaka 2016 watu 204 wenye maumivu ya goti lililochakaa waligawanywa, nusu tai chi na nusu fiziotherapia, na baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Vikombe na gwasha havina cha kuweka mezani mbele ya hayo. Mimi mwenyewe, bega langu lilianza kutulia baada ya baduanjin kuwa desturi ya kila asubuhi, tuina ikibaki kuwa msaada wa siku mbaya.

Kliniki, kwa kawaida, haikunisisitizia bustani. Ilichonisisitizia ni kadi. Sindano zilipotolewa tu, mhudumu wa mapokezi alikuja na karatasi ya kifurushi cha “kuondoa unyevu”: kulala juu ya kitanda kinachofukizwa moksa kutoka chini, kuloweka miguu katika maji ya mitishamba, na vikombe kila mara, vyote kwa yuan 3,000 zinazolipwa mbele na zisizorudishwa. Nilikuwa nimejaribu kipindi kimoja cha kitanda hicho nikatoka nimelowa jasho na bega likiwa vilevile. Daktari aliyenichoma sindano, ambaye kazi yake ilikuwa safi na sindano zake za kutumika mara moja zilifunguliwa mbele yangu, hakuwahi kukitaja kifurushi hicho. Kadi za kulipia kabla ni za kawaida mno katika biashara za China, na mgeni anayerudi nyumbani baada ya wiki mbili hana namna ya kuzitumia zikaisha.

Bei za huduma moja moja zilikuwa za haki: tuina ya dakika 45 yuan 158, vikombe 80, moksa 100, na malipo yote ni kwa simu, ingawa noti zilipokewa baada ya kusubiri chenji. Atakayekwenda aagize tuina tu siku aliyochomwa sindano, aombe vikombe vilivyochemshwa kama anavitaka, na amwambie daktari mapema iwapo anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au ni mjamzito, kwa kuwa fomu ya mapokezi iko kwa Kichina pekee na haiulizi. Mkalimani wa sokoni anayejua majina ya vitambaa na vipuri hatatosha kwa shughuli hii. Ni afadhali kuwaandama wanafunzi wetu wanaosomea udaktari huko, ambao huwa tayari kumsindikiza mtu alasiri za katikati ya wiki, saa ambazo foleni ni fupi.